Steringi Hakosei

Ukikulia Tandale, sheria mbili za muvi unazijua kabla hujaweza kusoma maandishi ya chini ya skrini. Ya kwanza: steringi hafi. Ya pili: steringi hakosei. Ya kwanza tumeshazoea kuiona ikivunjwa, maana siku hizi waandishi wa tamthilia wanaua masteringi mpaka inachosha. Ya pili ndiyo ngumu. Steringi akiwa polisi, akamtazama mtu dakika ya kumi na kusema "ni huyu", basi ni huyu. Akivunja mlango bila kibali, sawa. Akimkaba mtu shingo, sawa, si anajua anachokifanya? Kibanda umiza kizima kinamshangilia, na mkalimani anayemwaga Kiswahili juu ya Kiingereza cha watu, wa shule ile ya akina Lufufu na DJ Mark, anaongeza chumvi yake ya kumsindikiza adui.

Nataka kuzungumzia episodi moja inayoivunja sheria hiyo ya pili. Ni ya zamani. Ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani tarehe 3 Machi 1993, katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya upelelezi iitwayo Homicide: Life on the Street. Jina la episodi ni "Three Men and Adena", yaani wanaume watatu na Adena. Ilimpa mwandishi wake, Tom Fontana, tuzo ya Emmy, na aliyeiongoza ni Martin Campbell, ambaye baadaye alitengeneza muvi mbili za James Bond ambazo nina hakika umeziona. Watu wengi wanaofuatilia televisheni wanaihesabu kati ya episodi bora kabisa za kipolisi. Mimi naiona haiko sawasawa. Sehemu kubwa ni ya ajabu, lakini kuna mahali inaishiwa ujasiri, na pale inapoyumba ndipo penye swali lililonileta hapa: je, kutaka sana haki kunaweza kumfanya mtu mwema asiweze tena kuitambua?

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Mtoto wa kike wa miaka 11, Adena Watson, ameuawa huko Baltimore. Mshukiwa ni mzee anayeitwa Risley Tucker, muuza matunda anayezunguka mitaani na mkokoteni unaovutwa na farasi. Adena aliwahi kumsaidia kazi. Wapelelezi wawili, Frank Pembleton na Tim Bayliss, wanaingia naye kwenye chumba cha mahojiano. Wana saa 12. Zikiisha bila mzee kukiri, anatoka, na nafasi nyingine haitapatikana. Karibu episodi yote ni chumba kimoja, meza, viti na watu watatu. Hakuna kukimbizana na magari, wala bunduki haitolewi.

Andre Braugher, aliyemwigiza Pembleton, anahoji kama mhubiri. Anabembeleza, ananyamaza, anapanda ghafla. Kyle Secor, kama Bayliss, anachemka. Hii ni kesi yake ya kwanza kwenye kitengo cha mauaji na anaota picha ya yule mtoto. Mzee Tucker ni Moses Gunn, mwigizaji mkubwa ambaye angefariki mwaka huohuo. Kwa saa hizo 12 wanamzungusha: wanamfanya rafiki, wanamtisha, wanamchosha, wanamrudisha alikotoka. Wakati fulani Bayliss anashindwa kujizuia, anamkamata mzee kwa nguvu, na kwa muda unaamini atamuumiza kweli. Mzee naye si mnyonge tu. Anawageukia. Anamwambia Pembleton, Mweusi mwenzake, kwamba anajiona bora kuliko watu wa rangi yake. Anamwambia Bayliss kwamba ndani yake kuna upande wa giza anaouogopa. Mwishoni kinatoka kitu: mzee, akilia, anakiri kwamba alimpenda yule mtoto, mapenzi yasiyofaa kwa mtu mzima. Lakini kuua, anakana. Saa zinaisha. Anaachiwa.

Halafu inakuja dakika ambayo siwezi kuisahau. Pembleton, aliyekuwa na mashaka, sasa anaamini mzee ndiye muuaji. Bayliss, aliyekuwa na uhakika tangu siku ya kwanza, sasa hajui tena. Basi. Hakuna jibu. Kesi ile haikufungwa episodi ya mbele, wala msimu wa mbele. Tamthilia ilidumu mpaka 1999 na Bayliss aliibeba muda wote.

Ina chanzo cha kweli. David Simon, mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, alikaa na kitengo cha mauaji cha jiji hilo mwaka mzima wa 1988, akatoa kitabu mwaka 1991. Ndani ya mwaka huo kulikuwa na mauaji ya mtoto na mfanyabiashara mzee aliyehojiwa kwa saa nyingi bila kukiri. Kesi ile mpaka leo haina aliyehukumiwa.

Sasa kwa nini episodi hii inakera mtu aliyelelewa na muvi zetu? Nadhani ni kwa sababu inagusa methali mbili tunazoishi nazo. Moja ni siku za mwizi arobaini. Hadithi za upelelezi za dunia nzima ni methali hiyo iliyorefushwa: subiri, atakamatwa. Za kwetu pia. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, anawasha kiko chake, anafikiri, na mwisho mafundo yote yanafunguka. Faraji Katalambulla alimleta Inspekta Wingo kwenye Simu ya Kifo mwaka 1965, na msomaji wa Dar alifunga kitabu akijua nani kafanya nini. Sina ugomvi na utamu huo. Nimeulamba sana. Lakini methali haisemi nani anahesabu hizo siku arobaini, wala inakuwaje zikifika na aliyekamatwa siye.

Methali ya pili ni mbaya zaidi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hii ndiyo hukumu ya mtaani. Haina rufaa.

Niliwaonyesha majirani watatu episodi hii kwenye kompyuta, jioni moja umeme ulipokuwepo, mimi nikiwa mkalimani. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine ni mama lishe, wa tatu ni kijana anayesukuma mkokoteni wa matikiti kutoka Manzese mpaka huku kwetu. Wa bodaboda alikuwa upande wa polisi tangu mwanzo. "Dada, hawa wanabembeleza sana. Huyu dakika tano tu angesema." Mzee alipolia na kusema alimpenda yule mtoto, kijana akapiga goti lake. "Si nimesema? Kaua huyo."

Muuza matikiti alikuwa kimya. Nilipomuuliza, akasema jambo dogo: "Mimi watoto wa mtaani kwetu wananijua wote kwa majina. Na mimi nawajua. Wakipotea, wataanza na nani?"

Mama lishe hakuuliza kama mzee ameua. Aliuliza: "Nani anajua kama yuko humo ndani?"

Swali la mama lishe ndilo lisiloulizwa kabisa kwenye tamthilia hizi. Kamera iko chumbani na wapelelezi. Sisi huku tunaijua hadithi hiyo kwa upande wa nje: mtu hajarudi, simu haipatikani, ndugu wanazunguka kituo hiki na kile na hotipoti ya wali, wakiuliza kaunta kama jina lake limo kwenye kitabu. Ukiwa ndani, saa 12 ni mchezo wa akili. Ukiwa nje ni usiku mzima na asubuhi yake.

Lakini jibu la kijana wa bodaboda ndilo limenisumbua zaidi, kwa sababu nadhani ndilo jibu ambalo episodi yenyewe inatusukuma kulitoa. Hapa ndipo ninaposema inaishiwa ujasiri. Baada ya saa nzima ya kutukatalia tunachokitaka, waandishi wanatupa kitu badala yake. Hawatupi kukiri mauaji. Wanatupa kukiri aibu. Na mtazamaji mwenye kiu anapokea chochote kinachofanana na maji.

Kiswahili kina maneno mawili hapa na ni vizuri tusiyachanganye. Kuna aibu, na kuna hatia. Aibu ni kile ambacho usingependa kijulikane. Hatia ni kile ulichokifanya na unachopaswa kukijibu. Mtu anaweza kuwa na aibu kubwa bila hatia ya jambo analoulizwa, na wapo wenye hatia wasio na chembe ya aibu. Chumba cha mahojiano kimejengwa kutoa hatia, lakini mashine iliyomo ndani yake, uchovu, woga, upweke, kurudiarudia, hutoa aibu kwanza. Kila binadamu ukimkalisha saa 12 atatapika kitu. Swali ni kama alichotapika ndicho ulichokuwa unatafuta, au umechoka kiasi kwamba utakiandika hivyohivyo.

Sisemi aibu ya mzee Tucker ni ndogo. Mtu mzima mwenye mapenzi hayo kwa mtoto wa miaka 11 asikae karibu na mtoto yeyote, na mzazi akisikia hivyo ana haki ya kuchukua hatua siku hiyohiyo. Lakini hilo ni jibu la swali jingine. Swali la mezani lilikuwa nani aliyemuua Adena. Ukichukua jibu la swali moja ukalibandika kwenye lingine, utakuwa umefunga jalada tu, na muuaji hujamjua.

Sheria yetu inajua hatari hii kuliko tunavyoipa sifa. Katiba, ibara ya 13, inataka mtu asichukuliwe kuwa na kosa mpaka ithibitike, na inakataza mateso. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, na zinaweza kuongezwa zisizozidi nane kabla ya kwenda kwa hakimu. Nne na nane ni 12. Saa zilezile za Pembleton na Bayliss, zimo kwenye vitabu vyetu. Na maelezo ya onyo yakipingwa mahakamani, upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuonyesha kwamba yalitolewa kwa hiari. Jaji husimamisha kesi kubwa na kufungua kesi ndogo ndani yake ili kujua karatasi ile ilipatikanaje.

Mwaka 2021 nchi nzima ilipata darasa la jambo hili bila kujiandikisha. Katika kesi ya Freeman Mbowe na wenzake watatu, siku nyingi zilikwenda kwenye ubishi kuhusu maelezo ya onyo ya mshtakiwa mmoja: je, yalichukuliwa ndani ya saa nne? Je, aliteswa? Mahakama ilitupilia mbali pingamizi la utetezi mwezi Oktoba, na Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi yote. Nakumbuka watu walivyolalamika kwamba mawakili wanapoteza muda kwa mambo ya saa na dakika badala ya kwenda kwenye kesi yenyewe. Lakini saa na dakika ndiyo kesi yenyewe. Ile saa ya ukutani ndiyo kitu pekee chumbani kisichomchukia mshukiwa wala kumpenda.

Kuna jambo jingine linalonifanya niheshimu hadithi isiyo na mwisho. Tarehe 14 Januari 2006, watu wanne waliuawa na polisi Dar es Salaam. Taarifa ya kwanza ilikuwa episodi kamili: majambazi, majibizano ya risasi, wamekufa wote. Ina adui, ina steringi, ina mwisho. Magazeti yaliiandika, watu wakaisoma, wengine wakapumua. Jiji lilikuwa limechoshwa na ujambazi. Kumbe watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, na wa nne dereva teksi wa Manzese, hapo jirani yetu. Walikamatwa Sinza, nako ni jirani yetu, wakaenda kuuawa msitu wa Pande. Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na tume ikasema hawakuwa majambazi.

Iliyofuata watu wanaiita kesi ya Zombe, kwa jina la ofisa mwandamizi aliyekuwa mshtakiwa wa kwanza. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe alibaki huru kwa uamuzi wa mahakama zote mbili, na haki iliyomlinda ni ileile ninayoitetea hapa. Ninachotaka tukione ni kile cha mwanzo kabisa: ile taarifa ya kwanza ilikuwa tamu kwa sababu ilikuwa imekamilika. Tulikuwa tumeshaangalia muvi za kutosha, tukajaza wenyewe pengo lililobaki. Mimi kama mwandishi wa habari kila ninapoona maneno "majibizano ya risasi" kwenye taarifa, najiuliza nani wa upande wa pili aliyebaki hai wa kuyathibitisha.

Najua mama lishe angenijibu nini, maana alinijibu. "Sawa mwanangu, haki ya mshukiwa. Na mtoto?" Hili ndilo pingamizi zito, na episodi inalikwepa. Angalia jina lake: wanaume watatu na Adena. Kwa hesabu hiyo wangekuwa wanne, lakini chumbani wako watatu tu. Adena ni picha mezani, ni kidonda cha Bayliss, ni siri ya mzee. Hatumsikii akiongea, hatujui alicheka vipi. Saa nzima ya kupigania mtoto, na mtoto hana sentensi. Wanaume wanaishia kujadiliana wao kwa wao, nani ana giza, nani anajidai. Ile hotuba ya Tucker ya kuwachambua wapelelezi imeandikwa vizuri mno, kama ya jukwaani, na kadiri inavyopendeza ndivyo Adena anavyozidi kusogea nje ya chumba. Hata ule mgeuko wa mwisho, aliyeamini anashuka na aliyeshuku anaamini, umepimwa kwa rula. Maisha hayalingani hivyo.

Kwa hiyo namjibu mama lishe hivi. Anayedaiwa na mtoto ni sisi, na deni lenyewe ni muuaji wake halisi. Mtu yeyote atakayepatikana halilipi. Tukimpeleka asiyehusika, tumemdhulumu mara mbili: tumemwachia aliyemuua aendelee kupita kwenye kona ileile, na tumelitumia jina la mtoto kumvunja mtu mwingine. Hasira ya Bayliss inatoka kwenye upendo, sina shaka. Lakini upendo hauchunguzi. Unachoka, unataka iishe, na siku ukitaka iishe kuliko unavyotaka kujua, umeshaacha kumtumikia marehemu, unajitumikia wewe. Jibu hili halimpi mama wa mtoto usingizi. Nalijua hilo. Hakuna sheria ya ushahidi inayoweza kumpa usingizi, na anayemwahidi hivyo anamdanganya.

Ugumu unabaki kwetu watazamaji, kwa sababu hatuna saa ukutani. Polisi ana saa nne na nane, hakimu ana kesi ndani ya kesi, lakini mtaa unahukumu muda unaoutaka. Mtu akipigiwa kelele za mwizi kwenye uchochoro wa Tandale, hakuna maelezo ya onyo. Na hata anayenusurika, aliyefika kituoni akahojiwa akatoka, anarudi na jina jipya. Hatusemi "hakufanya". Tunasema "kaachiwa". Sikiliza neno hilo linavyotamkwa. Lina maana kwamba alifanya, ila wamemshindwa, au kahonga, au ana mtu. Lisemwalo lipo.

Hapo ndipo ningependa episodi ile iendelee dakika kumi zaidi. Siyo ili tujue kama mzee Tucker aliua. Nataka kumwona kesho yake asubuhi, anamfunga farasi, anapanga matunda, anaingia mtaa wa kwanza. Nani atanunua? Nani atamvuta mtoto wake ndani? Na yule mama anayemvuta mtoto wake ndani, baada ya yote tuliyoyasikia kutoka kinywani mwa mzee mwenyewe, tutamlaumu kwa lipi? Mimi simlaumu. Ningemvuta wangu pia. Lakini kumvuta mtoto wangu ndani ni jambo moja, na kuokota jiwe ni jambo jingine. Katikati ya mambo hayo mawili kuna nafasi nyembamba sana, na nadhani uungwana wote wa mtaa unaishi humo.

Kijana wa bodaboda bado anasema kaua. Muuza matikiti amebadilisha njia, siku hizi hapiti mbele ya shule wakati wa mapumziko. Nilimuuliza kwa nini, akacheka, akasema ni kwa sababu ya jua.